Moshi wa Juu na Moshi wa Chini

Jumapili, 27 Oktoba 1991

Naanza kuandika kwa sababu ya rangi ya mbingu. Jioni hii jua lilikuwa limekwisha kuzama nyuma ya bomba refu la moshi la kiwanda cha shaba cha Shituru, na mbingu haikuingia giza. Iliwaka upya, zambarau kwanza, kisha nyekundu kama shaba inayomiminwa, ikakaa hivyo muda mrefu kupita kawaida. Nimeishi Likasi, mji huu wa migodi, tangu ilipoitwa Jadotville. Rangi za moshi wa viwanda nazijua: wa manjano, wa kijivu, na ule mweupe unaokata koo. Hii haikuwa mojawapo. Nilibaki mdomo wazi kwenye kiti changu cha barazani mpaka Clémentine, binti yangu, akaja kunifunika blanketi.

"Papa, iko nini?"

"Angalia."

Aliangalia. "Ni jua," akasema, akarudi ndani kusonga bukari, ugali wetu.

Clémentine ni muuguzi hospitalini. Amerudi kukaa nami pamoja na mtoto wake mdogo, Hélène, tangu daktari alipomwambia kwamba mapafu yangu hayatafika mwisho wa mvua. Mvua yenyewe haijaanza.

Jumatano, 30 Oktoba

Hakuna mvua. Moshi wa tanuru la matofali la jirani umeingia chumbani mwangu tena.

Jumapili, 3 Novemba

Umeme wa bwawa la Koni umerudi leo, nikafungua redio na kukamata kituo cha mbali cha Kifaransa. Mtaalamu mmoja alikuwa akieleza habari za mlima wa Pinatubo, huko Ufilipino, uliopasuka mwezi wa sita. Nilijua kwamba umepasuka na kwamba watu walikufa. Sikujua yaliyofuata.

Mlima ule ulirusha gesi ya salfa juu sana, juu ya mawingu yote, mahali ambapo mvua haifiki kuiosha. Huko gesi ikakutana na mvuke wa maji, ikageuka kuwa matone madogo yasiyoonekana kwa jicho, matone ya asidi ya salfa. Asidi ile ile! Ile tuliyoifundisha darasani, ile wanayotengeneza hapa Shituru kuoshea shaba. Matone hayo yameizunguka dunia yote kama shela, na kila tone linarudisha mwanga kidogo wa jua kule ulikotoka. Mtaalamu anasema dunia itapoa mwaka ujao. Bahari zitatoa mvuke pungufu, na mahali pengine mvua itapungua.

Nimefundisha kemia na jiografia miaka thelathini na zaidi. Nimeandika alama ya asidi hii ubaoni mara elfu. Hata siku moja sikuwaza kwamba inaweza kutandazwa juu ya vichwa vya watu wote, matajiri na maskini, na kulipunguza jua. Jioni niliitazama tena ile rangi, nikaogopa, kama mtu anayemtambua mtu aliyemdhani mgeni.

Mtaalamu alisema pia kwamba maji ya Bahari ya Pasifiki yameanza kupata joto, na kwamba hilo nalo huharibu mvua za kusini mwa Afrika. Hakusema lipi lina nguvu zaidi. Naliandika hili nisije nikajifanya sikulisikia.

Jumatano, 6 Novemba

Hakuna mvua.

Jumapili, 10 Novemba

Nimegombana na Séraphin, jirani yangu. Baba yake aliletwa kutoka Kasai na waajiri wa mgodi zamani za Wabelgiji; yeye mwenyewe alizaliwa hapa. Alikuwa karani wa ghala. Kazi ilipokwisha, akaanza kuchoma matofali kwa udongo wa kichuguu kikubwa kilicho nyuma ya kiwanja chake. Alianza amechelewa. Wengine walimaliza mwezi wa tisa, yeye tanuru lake linafuka mpaka leo, na upepo unaniletea mimi moshi wote.

Nilijikokota mpaka kwenye ukuta ulio kati yetu. "Papa Séraphin, tanuru lako litaniua kabla Mungu hajafika."

"Mwalimu, minye napika matofali, si weye."

"Mimi pia napikwa."

"Basi ukiiva nitakuuza pamoja nayo!"

Mke wake Germaine alicheka, na wanawake waliokuwa bombani wakingoja maji wakacheka. Nilipaswa kucheka. Badala yake nilinyoosha kidole mbele yao wote, nikasema, "Iko siku utaona, weye na moshi wako." Kicheko kikakatika. Nilirudi kitandani na hasira iliyokuwa kubwa kuliko jambo lenyewe. Mtu anayekufa huona kila pumzi ni mali yake, na jirani mwenye moshi ni mwizi.

Jumapili, 17 Novemba

Matone machache mchana. Hayakulowanisha hata vumbi.

Alhamisi, 21 Novemba

Damas amekuja kuniamkia. Alikuwa mwanafunzi wangu bora. Sasa ni shefu wa mtaa wetu. Ana shamba la mahindi njia ya Kamatanda, kama karibu kila mtu siku hizi, kwa maana tangu maduka yaporwe mwezi uliopita hakuna anayetumaini unga wa kununua. Amepanda mara mbili. Mbegu za kwanza zilikauka, za pili zililiwa na ndege.

"Papa Ambroise, mvula haichelewi hivi. Mvula imefungwa."

"Na nani?"

"Nani eko na faida kama hainyeshi? Nani eko na tanuru inawaka mpaka mwezi wa kumi na moja?"

Huku kwetu watu husema kila mwaka kwamba wachoma matofali huifunga mvua, matofali mabichi yasije yakarudi kuwa tope. Ni mzaha wa kila mwezi wa tisa. Mchoma matofali mwenyewe huitikia, "Ndiyo, nimeifunga, nileteeni kuku niifungue." Nilingoja Damas acheke. Hakucheka. Kijana huyu aliwahi kuniandikia ubaoni, bila kusita, hatua zote za kutengeneza asidi ya salfa!

Nikamwambia, "Walete watu Jumapili baada ya misa. Nitawaeleza mvua iko wapi."

Jumapili, 24 Novemba

Jumuiya yetu yote ilikuja, wakajaa uani. Séraphin na Germaine hawakuwapo. Walikuwa kwenye tanuru lao, ng'ambo ya ukuta, na moshi wao ulikuwa unapita juu ya vichwa vyetu.

Clémentine alinisimamisha. Nilichukua gilasi ya maji safi, nikaielekeza juani. Mwanga ukapita, ukang'aa ukutani. Kisha nikatia matone machache ya maji ya sabuni. Gilasi ikawa nyeupe, na ule mwanga wa ukutani ukafifia. "Mwanga haukufa," nikawaambia. "Umerudishwa. Chembe hizi zimeurudisha." Nikawasimulia mlima wa Ufilipino, moshi wake wa salfa, matone ya asidi yaliyo juu kupita ndege, jua lililopungua, bahari isiyotoa mvuke wa kutosha. Nikawauliza kama wameona rangi ya jioni. Wote walikuwa wameiona. Mzee mmoja alivua kofia.

Tangu nilipostaafu sikuwahi kunyamaziwa vile. Furaha yangu nakumbuka ilivyokuwa: ilinipanda kifuani, mahali ambapo siku hizi hakuna kitu kinachopanda ila makohozi.

Damas akasimama. "Mwalimu, minye naomba jibu moja tu, fupi, batu basikie. Moshi inaweza kuzuia mvula?"

"Ndiyo," nikasema. "Unaweza."

Vichwa viligeuka vyote pamoja kuelekea ukutani. Viligeuka taratibu, kama darasa zima linapotazama dirishani. Nao moshi wa kuni ulikuwa hapo, mwepesi, wa buluu.

Nitaandika sasa jambo ambalo ndilo sababu ya kutoiacha kalamu. Niliviona vile vichwa. Nilijua vilikuwa vikiwaza nini. Nilikuwa na pumzi ya kutosha kusema maneno machache: si moshi huu. Moshi wa chini huanguka karibu, au mvua huuosha kwa siku chache. Hauwezi kufika kule. Hata moshi wa Shituru wenyewe, wenye salfa ya kweli, haufiki kule. Mtoto wa mwaka wa pili angeelewa. Lakini moshi ulikuwa puani mwangu, na nikawaza: wacha wamwendee, wamwambie azime, nami nitalala. Nikanyamaza. Clémentine anasema ni kikohozi kilichonikatiza. Kikohozi kilikuja baadaye.

Jumatatu, 25 Novemba

Wamelivunja tanuru.

Nilikuwa barazani. Walikuja vijana wengi, na wanawake nyuma yao wakibeba ndoo. Walimwaga maji, maji ya kupangiwa foleni kutwa nzima, juu ya matofali yaliyokuwa bado mekundu kwa moto. Yalipasuka kwa mlio kama wa risasi. Mvuke ulipanda, nao wakaushangilia, wakaunyooshea mikono: mvua inafunguka! Séraphin alijaribu kusimama mbele ya mlango wa tanuru. Walimsukuma, ukuta wa matofali ukamwangukia mkono wa kulia. Na juu ya kelele zote nilisikia sauti ya mwanamke niliyemsimamia mtoto wake ubatizoni, mwanamke mpole, ikirudia: "Mwalimu alisema! Mwalimu alisema!"

Siwezi kuandika zaidi.

Jumanne, 26 Novemba

Clémentine amemfunga Séraphin mkono. Mifupa ya kiganja imesagika, na ngozi imeungua. Amerudi nyumbani, akaosha mikono, akakaa mbele yangu.

Germaine alipita bombani. Hakuna aliyemwachia nafasi. Alirudi na ndoo tupu.

Alhamisi, 28 Novemba

Nilimwita Padri Jean nikamkiria. Ni kijana, na parokia yake imejaa njaa. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Papa, ulisema ukweli. Kusema ukweli haiko zambi."

"Niliusema mpaka pale uliponifaa, nikauacha hapo."

Alifikiri. "Basi uumalizie," akasema, akanipa maondoleo. Nilibaki nikishangaa jinsi ilivyo rahisi kwa mtu mwenye mapafu.

Jumapili, 1 Desemba

Nimejaribu kuumalizia. Nilimwita Damas, nikamweleza yote upya, moshi wa juu na moshi wa chini. Nilichora hata picha. Aliniacha nimalize, akakunja ile picha na kuitia mfukoni.

"Ninaelewa, Papa. Nilielewa tangu ile Jumapili. Moshi ya tanuru haifiki kule yulu ya mawingu."

Nilidhani sikusikia vizuri. "Ulielewa? Na tanuru?"

"Batu beko na njala. Banatafuta muntu. Nikisimama kuwaambia si yeye, kesho batauliza: basi ni nani? Na muntu wa kwanza watamuangalia ni shefu." Alisema haya bila aibu, kwa sauti ya chini, kama mtu anayemweleza mgonjwa ukweli. "Bamekata shauri. Jumamosi ikifika, Séraphin na watu wake bakamate treni ya kwenda Kasai."

"Hajawahi kufika Kasai."

"Minye najua."

Nilidhani nimemfundisha mjinga aliyekuwa anajifanya ana akili. Kumbe nilimfundisha mtu mwenye akili anayeogopa. Sijui ni lipi linanishtua zaidi. Alipokuwa akiondoka alinirekebishia mto mgongoni, kwa upole kabisa.

Jumanne, 3 Desemba

Hakuna mvua. Nimemsikia Séraphin ng'ambo ya ukuta akimwuliza mkewe, "Kasai nitashukia wapi? Nitaita nani?" Germaine alikuwa anafunga sufuria kwenye shuka.

Alhamisi, 5 Desemba

Kuna desturi moja hapa ambayo wazungu walituambia tuisahau, na mimi nilikuwa wa kwanza kuwaambia wanafunzi waisahau. Mzee akiwa na kinyongo, hasira yake huweza kufunga kitu: tumbo la mwanamke, mguu wa mwindaji, mvua. Hafanyi dawa yoyote. Kukasirika kwake kunatosha. Dawa ni kwamba aje mbele za watu, akiri kinyongo chake, kisha atie maji mdomoni na kuyapuliza. Baada ya hapo jambo limekwisha, na hakuna anayeruhusiwa kulizungumza tena kwa ubaya.

Nimelala na wazo hili tangu jana. Baba yangu alizikwa Kambove na babu yangu kando ya Lufira. Mimi ni mzee wa ardhi hii. Na watu wote waliokuwa bombani walisikia nilivyomtishia Séraphin.

Ni uongo, na ni uongo wa aina ile ile niliyopambana nayo maisha yangu yote. Lakini ukweli nimekwisha kuujaribu.

Jumamosi, 7 Desemba

Walikuwa wamekusanyika mbele ya nyumba ya Séraphin. Mizigo ilikuwa nje: godoro, masufuria kwenye shuka, mashine ya kushonea, picha ya Bikira Maria imefunikwa taulo. Nilimwambia Clémentine anipeleke. Alidhani nakwenda kuwaaga. Alinibeba nusu ya njia. Sina uzito tena.

Nikasema, "Acheni mizigo ya watu. Mvua nimeifunga mimi."

Kwanza hawakusikia. Sauti yangu ni ndogo. Nikarudia, nikasikia mkono wa Clémentine ukikaza begani mwangu.

"Moshi wa huyu mutu ulinikosesha usingizi. Nilimwambia asikie, akanicheka mbele ya wanawake. Nilikasirika. Nilikaa barazani na hasira yangu kila jioni. Mvua nimeizuia mimi, na nimewadanganya kwa maneno ya redio ili nisijulikane."

Nilitegemea jiwe. Nilitegemea angalau mtu acheke, aseme huyu mzee anaweweseka kwa homa. Badala yake mwanamke mmoja akasema, taratibu, "Njo ile, ni yeye! Minye nilimuona. Kila siku mangaribi anaangalia yulu. Kila siku!"

"Hata ile gilasi," mwingine akasema. "Alitia dawa mu mayi mbele yetu, tukaona jua inapotea ku ukuta."

Gilasi yangu! Sabuni yangu! Niliwatazama mmoja mmoja, wengi wao wanafunzi wangu, na nikaona ushahidi wote niliouleta kwa ajili ya sayansi ukijipanga wenyewe, bila pengo, kwa ajili ya uchawi. Sijawahi kufundisha somo likaeleweka haraka vile.

Nilimtazama Damas. Alijua kwamba nadanganya. Midomo yake ilikuwa mikavu. Kwa kitambo niliogopa kwamba atasema. Badala yake alipaza sauti: "Mulete mayi!"

Wakaleta maji kwenye kikombe cha bati. Nikayatia mdomoni, nikayapuliza upande wa mashamba, kisha upande wa Séraphin. Wale watu waliokuja kumfukuza mwenzao wakapiga makofi ya heshima, viganja vikiwa vimekunjwa kidogo na magoti yakiwa yamepinda, kama wanavyompigia mtemi. Hakuna aliyenigusa. Kosa lilikuwa lile lile: kwa mtoto wa mgeni lilikuwa wizi, kwangu mimi likawa cheo. Hili ndilo lililonivunja nguvu, nikaanguka.

Damas ndiye aliyenibeba nyumbani. Njiani alininong'oneza, "Asante, Mwalimu."

Mizigo imerudishwa ndani. Niliona godoro likipita mlangoni.

Jumapili, 8 Desemba

Homa.

Alhamisi, 12 Desemba

Mvua. Ilianza alasiri, nyembamba, kisha ikashika. Mtaa mzima ulipiga vigelegele kuelekea nyumba yangu.

Najua kwamba mvua huja ikichelewa, na kwamba shela la salfa hupunguza tu, haliondoi. Najua haya yote. Na bado, niliposikia tone la kwanza juu ya bati, niliyatazama mate yangu kwenye kitambaa na kujiuliza. Mara moja tu. Naliandika kwa sababu limenitisha kuliko kifo.

Jumapili, 15 Desemba

Clémentine aliniuliza leo, akiwa ananipa dawa, bila kunitazama: "Papa, ilikuwa kweli?"

Nilimwambia ukweli. Kwamba nilidanganya, kwa nini nilidanganya, na kwamba asimwambie mtu. Nilimweleza tena moshi wa juu. Alinisikiliza akihesabu vidonge.

"Ndiyo, Papa," akasema. "Umesema vizuri. Sasa upumuzike."

Naijua sauti ile. Ni ya muuguzi asiyetaka kumbishia mgonjwa. Mwanangu mwenyewe, mwenye diploma ukutani! Jioni niliomba aniletee Hélène kama kawaida. Alisema mtoto amelala. Nilikuwa namsikia akicheza.

Jumapili, 22 Desemba

Padri Jean ameniletea komunyo. Nimekiri uongo wangu wa hadharani. Aliinama karibu.

"Na bale balipiga makofi," akauliza, "ulitaka waache?"

Lilikuwa swali zuri kuliko yote niliyoulizwa mwaka huu. Nilimwambia sijui.

Jumatano, 8 Januari 1992

Mvua ya kukatika-katika. Siku tatu hakuna, siku moja ipo. Redio inasema ng'ambo ya mpaka, Zambia na kusini zaidi, hali ni mbaya sana. Mahindi ya Damas yamefika magotini na kugeuka manjano. Amekuja bwana mmoja kuniomba niizuie mvua Jumamosi, anamwoza binti yake. Baada yake mama mmoja kuniomba niilete Jumamosi hiyo hiyo. Niliwaambia wapatane wao wawili kwanza. Walitoka wameridhika.

Jumatatu, 20 Januari

Siwezi kukaa tena barazani. Clémentine amegeuza kitanda kielekee dirishani. Hélène anachungulia mlangoni. Mama yake anamvuta.

Jumapili, 9 Februari

Séraphin amekuja. Tangu siku ile ya mizigo hatukuwa tumesemezana. Aliketi kwenye kiti cha Clémentine, mkono wa kulia juu ya goti. Vidole haviwezi tena kufunga.

"Mwalimu, nimekuya kusema neno moja. Nimekusamehe."

Nilidhani mtu amemweleza. "Umenisamehe nini, Papa Séraphin?"

"Kufunga mvula, banisingizie minye." Alisema bila hasira, kama mtu aliyekwisha kulifikiria jambo mpaka likalainika. "Nilikuwa ninakuchoma na moshi yangu. Weye uko muzee wa udongo ya hapa, ulikuwa na haki ya kukasirika. Lakini ungeniita, Mwalimu. Ungeniita tu, tungepatana."

Nikamtazama. Kosa langu ni neno moja nililolisema na maneno machache niliyoyameza, na kwa hilo nilikuwa nikingoja msamaha wa mtu huyu mmoja, si wa padri, si wa mwingine. Naye amekuja na msamaha mkononi, mkono uliovunjika, akanisamehe jambo ambalo sijapata kulifanya. Nilifungua mdomo. Nikawaza: nikimwambia, atamwambia Germaine, Germaine atalisimulia bombani, na yeyote akiuliza "basi ni nani?" godoro litatoka tena nje.

"Asante," nikasema.

Alishusha pumzi, akafurahi. Alisogeza kiti. Alitazama mlangoni, kisha akainama sikioni mwangu.

"Sasa, sababu tumeshapatana... Mwaka huu nitaanza mapema. Lakini na mukono hii nitaenda polepole. Ile mvula ya kwanza, ya mwezi wa tisa. Kama ungeniwekea mbali kidogo. Si mingi. Wiki mbili."

Nilimkazia macho nione kama anatania. Hakuwa anatania. Alikuwa na uso wa mtu anayeazima ngazi kwa jirani.

"Papa Séraphin," nikamwambia, "mwezi wa tisa mimi sitakuwepo. Nitakuwa nimekufa."

Alilifikiria.

"Hiyo njo muzuri zaidi," akasema. "Utakuwa kule kule yulu."

Nikacheka. Nilicheka mpaka kikaja kile kikohozi, mpaka ikaja damu, naye anacheka pia, ananipigapiga mgongoni kwa ule mkono wa kushoto, na Clémentine akaja mbio na beseni, akatutazama sisi wawili kama watu walioshikwa wakiiba. Sasa wameondoka wote. Mvua ya leo imekatika tangu mchana. Ng'ambo ya ukuta nalisikia jembe: linaanguka, linakaa kitambo kirefu, linaanguka tena. Ameanza kichuguu kipya. Anachimba kwa mkono mmoja.